Walio Tayari Wasimame

...kwa sababu mwili una mazoea yake, na mwili wa Rispa ulikuwa umesimama kanisani kila ulipoambiwa simama tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, basi hata sasa kisigino kilikuwa kimeshajikaza sakafuni na mkono umeshashika benchi la mbele kabla moyo haujaulizwa kitu, ndipo akajikuta ameganda hapo, si kusimama si kuketi, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, na mhubiri kule mbele anarudia, walio tayari wasimame, nimesema walio tayari, Bwana akija asikukute umekaa, na mvua ikazidi juu ya mabati hata maneno mengine yakafika vipande vipande, ...tisini na tisa... ndio mwaka wa mwisho, wapendwa... hakuna mwingine... halafu ile sauti ya pili ikaja, sauti ya kutafsiri, ikisema yale yale kwa Kijaluo, joma oseikore ochung' malo, na hiyo ndiyo iliyomrudisha kwenye benchi, taratibu, akaketi, kwa sababu ilikuwa sauti ya mume wake. Caleb, mzee wa kanisa, baba yake Dorine, alikuwa amesimama bega kwa bega na mhubiri Cephas kwa kuwa Cephas alitoka upande wa Kisii na Kijaluo hakukijua, kwa hiyo tangu Januari kila alichosema Cephas kwa Kiswahili kilipita kwanza kinywani mwa Caleb ndipo kikawafikia mabibi wa vijiji hivi vya nyuma ya Ndhiwa, na Rispa, ambaye Kiswahili alikifahamu vizuri tu kwa kuuza samaki sokoni, alikuwa akisikia kila kitu mara mbili, mara ya kwanza kama habari na mara ya pili kama neno la nyumbani, na sauti hiyo hiyo, jamani, ndiyo iliyomwita asubuhi moja kutoka zizini, njoo uone, ng'ombe amezaa pacha, ndiyo iliyomwimbia Dorine alipokuwa mchanga na homa haitaki kushuka, unaikatalia vipi sauti kama hiyo inapokwambia simama... na watu walikuwa wanasimama kweli, benchi baada ya benchi, magauni yakichakacha, mzee Ogeto akijiinua kwa fimbo, na huku kushoto kwake Bochaberi, jirani yake wa shamba kwa shamba, Mkisii aliyeolewa huku akajifunza Kijaluo mpaka akawashinda wenyewe kwa methali, alikuwa amesimama zamani, na sasa anainama kumgusa bega, akimwita mama Dorine kwa lugha ya huku, "Min Dorine, simama bwana. Watu wanaangalia," na Rispa akasema, "Nasikia," kana kwamba kusikia ndilo jambo aliloombwa.

"Mama," Dorine akanong'ona upande wa pili, "tusimame?" na Rispa akamtazama mkono, kwa maana mkono ule ulikuwa umekunja bahasha ndogo ya kaki na bahasha ilikuwa imelowa jasho, dawa zake za kifua kikuu, na Dorine alikuwa na miaka kumi na sita, shingo bado nyembamba kama ya ndege lakini mashavu yameanza kurudi, yameanza, mtu angeyaona hata kutoka barabarani, maana Novemba aliingia hospitali amebebwa na akatoka anatembea, miezi miwili wodini, mkojo ukawa wa rangi ya machungwa mpaka msichana akalia akidhani ni damu, na Rispa aliyekuwa akilala mkekani chini ya kitanda akainuka kulia naye, kisha muuguzi akaja akawacheka, ni dawa hiyo, inafanya kazi, na wao wakacheka pia, wakacheka hadi wagonjwa wengine wakauliza kuna nini, na siku ya kuruhusiwa muuguzi huyo huyo akamshika Rispa kiwiko akamvuta pembeni, mama, sikiliza, kikohozi kitaisha na utafikiri amepona, usidanganyike, huu ugonjwa haukimbii, unajificha, unangoja mlale... unangoja mlale, alisema hivyo, akiwa ameshika chati na kalamu sikioni, hakuwa anahubiri... na Alhamisi Cephas alikuja nyumbani, akapewa ugali na samaki akala nusu tu, kwa sababu hula kidogo, na hilo ndilo lililomsumbua Rispa tangu siku ya kwanza, kwamba mtu huyu hakuwa tapeli, tapeli angemtambua, sokoni wamejaa, huyu alifunga mpaka mashavu yakabonyea, alilia machozi ya kweli akiomba, hakutaka ng'ombe wa mtu wala kuku, akamgeukia Dorine kwa upole wa baba akasema, binti, aliye tayari kwa Bwana hahitaji kidonge cha kumfikisha mwaka ujao, kwa maana mwaka ujao hauko, Jumapili ulete mbele hizo dawa, umwonyeshe kwamba unamngoja, na Rispa akamtazama Caleb, akingoja aseme kitu, hata kukohoa tu, na Caleb akatazama miguu yake, akasema, "Tutaleta." Na kikapu kilikuwepo pale mbele, kikapu kipana cha kuvunia, kimejaa nusu, mahindi ya mbegu ya watu, mtama, maharagwe yaliyochaguliwa moja moja kwa ajili ya kupanda, dawa za malaria, na juu kabisa miwani ya mzee Ogeto, aliyeitoa Jumapili iliyopita akisema mbinguni macho yote ni mapya, kisha akarudi kwenye kiti chake akijigonga benchi hili na hili, na hakuna aliyethubutu kucheka, na yeye Rispa alijiuma mdomo, na baadaye akaomba msamaha kwa kutaka kucheka...

...mkumbukeni mke wa Lutu, Cephas anasema, aliangalia nyuma... alipenda nini? alipenda sufuria zake, alipenda shamba lake... na Caleb akayapokea, puodho mare, shamba lake, akalitamka neno hilo kwa sauti iliyopungua kidogo, na mvua ikapiga kama kokoto, mvua ndefu yenyewe hii, ilianza juzi juzi, na Rispa alijua bila kutoka nje jinsi udongo mweusi wa shamba lake ulivyo saa hii, ulivyojaa na kulegea, harufu yake ilikuwa imemfikia hapa hapa katikati ya jasho la watu na mafuta ya nywele, akajikuta mate yanamjaa kinywani kama mwenye mimba, na akaogopa, kweli aliogopa, kwa sababu labda ndiye yeye, labda huyo mwanamke wa chumvi ni yeye, anaambiwa Bwana yuko mlangoni naye anawaza jembe, na kama Cephas anasema kweli je, kama Desemba mbingu zikipasuka na watu hawa wote wakainuliwa, Bochaberi na methali zake, Ogeto na macho mapya, Caleb, na yeye akabaki kwenye mistari ya mahindi na mtoto mkononi, atamwambia nini Mungu, nilikuwa napalilia? Akajaribu kuomba na maombi hayakuja, kilichokuja ni mchanga, mchanga wa kisiwa cha Takawiri wenye joto chini ya nyayo, na nyanya yake ameinama juu ya mchanga huo.

Nyanya ndiye aliyemlea kisiwani, mama yake akiwa ameolewa mbali, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mashua, aliamka kabla ya jua akapiga magoti mlangoni, maombi mafupi, mtu asingemaliza kufunga kitenge kabla hajasema amina, halafu akashuka ufuoni kutandaza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, na kutwa nzima alikuwa nazo, anazigeuza, anafukuza yangeyange, anatupia jicho wingu la upande wa Mfangano, kwa maana omena ukiziacha kidogo tu mvua inazigeuza uvundo, na jioni, hili ndilo Rispa alilokuwa hajalikumbuka miaka mingi, jioni kabla hawajala nyanya alikuwa anatoka kwenda kwa yule waliyegombana naye mchana, kila siku kulikuwa na mtu, maana mdomo wake haukuwa na kifuniko, anakwenda anabisha, anasema, nimekuja tusilale na hili, na Rispa aliyekuwa na njaa alimuuliza mara moja, kwani huwezi kwenda kesho, na nyanya akasema, wewe umeahidiwa kesho na nani? Kisha kesho yake akaamka akatandaza omena kama mtu aliyeahidiwa miaka mia. Na ndivyo alivyokufa, mchana, jua la utosi, alipiga goti mchangani kama anayeokota kitu na hakuinuka, omena zimemshika viganjani, magamba yanang'aa mpaka kwenye viwiko, na wanawake wengine wakasema masikini, amekwenda bila padre, amekwenda hajajiandaa, na Rispa msichana mdogo akaibeba aibu hiyo, akaibeba mpaka akaolewa nayo bara, nyanya yangu alikufa hajajiandaa... lakini hajajiandaa nini? Akajiuliza sasa, hapa, watu wamesimama pande zote kama mtama, hajajiandaa nini, hakuwa na kesi na mtu yeyote kisiwani kote, alikuwa ameomba, alikuwa anafanya kazi ya kuwalisha watu, Bwana alimkuta macho, alimkuta anaangalia mawingu, ni utayari gani mwingine waliotaka, kwamba angeketi ufuoni amevaa nguo nyeupe na kuacha omena zioze?

"Mama, baba anatuangalia," Dorine akasema, na kweli Caleb alikuwa akiwaangalia, hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo, alikuwa na uso wa mtu anayeomba, na Dorine akakohoa, kikohozi kimoja kifupi, akakifunika haraka kwa kiganja, na kitu kikamgutusha Rispa, kikohozi hicho hakikuwepo, kilikuwa kimeisha tangu Februari, akaegemea sikio la binti yake, "Leo umemeza?" na Dorine akatazama mapajani, "Bado," na Rispa akauliza, "Jana je?" na mvua juu ya mabati, na Cephas, ...bado naona watu wameketi... halafu Dorine, kwa sauti ndogo, "Tangu ile siku ya pasta, mama. Baba alisema tujaribu imani. Nilifikiri unajua." Nilifikiri unajua. Na yeye hakujua, alikuwa chumba kimoja naye, alimwekea maji kwenye kikombe kila asubuhi na akaenda zake kusali, akasali kwa bidii, kesheni, kesheni, akafunga hata juzi, na vidonge vikabaki kwenye bahasha, na ugonjwa uliokuwa unangoja walale ukaona wamelala, wamelala wamepiga magoti, mtu anaweza kusinzia na Mungu mdomoni, nani angejua... na hapo hofu ya mke wa Lutu ikamtoka Rispa, haikutoka polepole, ilitoka kama maji ya beseni, na mahali pake pakaja kitu kigumu, kitulivu, akakifahamu, ndicho kilichomshika hospitalini usiku ule walipomwambia andaa jamaa zako.

Akainua macho akamtazama mume wake, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu Januari, kola ilivyomzidi shingo, mikono inavyoning'inia, na akaona kitu ambacho angeweza kukiona mapema kama angekuwa anaangalia, kwamba Caleb hakuwa tayari, Caleb alikuwa amechoka. Alimzika ndugu yake Sammy mwaka wa tisini na sita na Ken aliyemfuata mwaka uliofuata, wote kwa ugonjwa ule ambao watu hawautaji, wanasema alikonda tu, na wake zao wakafuata, na Caleb ndiye aliyechimba, ndiye aliyesimama kichwani mwa kaburi kila mara kama mzee wa kanisa akiwafariji wengine, kisha Dorine akaanza kukohoa, na siku hiyo aliweka sepetu ukutani nyuma ya nyumba akasema, kama kwa utani, mimi hii sitaishika tena, na Januari Cephas akafika na habari kwamba yote yanakwisha mwaka huu, nani asingefurahi, habari njema gani kwa mtu aliyechimba hivyo, kwamba hatachimba tena... ee baba Dorine, ee mume wangu, ukiwa mbali huwezi kutofautisha mtu anayemngoja Bwana na mtu anayetaka tu dunia imwache apumzike, wote wameketi kimya, wote wanaangalia juu, lakini mimi nimelala na wewe miaka ishirini, mimi siko mbali. Na uchungu aliokuwa nao tangu Alhamisi kwa lile neno tutaleta ukalainika, haukwisha, ukalainika, ukawa kitu cha kubebwa nyumbani na kuzungumzwa, kwa maana hatamruhusu mtu huyu azame peke yake, wala hatamruhusu amzamishe mtoto.

...na yule mtumwa, Cephas anasema, bwana wake alipokawia, na Rispa akatega sikio, kwa kuwa kisa hicho alikifahamu tangu shule ya Jumapili, bwana ameondoka, amewaacha watumwa nyumbani, Cephas anakwenda haraka kwenye fimbo na giza la nje, lakini kabla ya fimbo kuna mtumwa mwingine, Rispa alimkumbuka, yule anayesifiwa, na anasifiwa kwa nini, akapekua kichwani, si kwa sababu alisimama getini macho njiani, hapana, bwana alirudi akamkuta anawagawia wenzake chakula kwa wakati wake... kwa wakati wake... alikuwa jikoni! Mtumwa aliye tayari alikuwa jikoni, mikono ina unga, na Rispa akataka kucheka tena kama siku ya miwani, na safari hii hakujiuma mdomo, alitabasamu waziwazi mbele ya kanisa lililosimama, chakula kwa wakati wake, dawa kwa wakati wake, mbegu kwa wakati wake, na wakati wake ndio huu unaolia juu ya mabati. Basi mambo yakaanza kujipanga, upesi, kama wanawake wanaoitana kwenda kisimani, wakitoka hapa, kabla ya kumsalimia mtu, Dorine atameza, atasimamiwa ameze, na kesho watarudi hospitali asubuhi, muuguzi atagomba, na agombe, ana haki, wataambiwa la kufanya nao watalifanya, na kesho kutwa ng'ombe watafungwa plau, hata kama ni yeye atakayeishika, hata kama wanaume wa njiani watasimama kumshangaa, na mbegu yake haiko kwenye kikapu, ashukuriwe Mungu, iko kwenye chungu kilichotundikwa juu ya meko ikila moshi, hakuileta, kila Jumapili alikuwa akisema nimesahau, na sasa akajua kwamba hakusahau, kulikuwa na mtu mmoja ndani yake aliyekuwa macho muda wote. Na jioni atakaa na Caleb, hatampigia kelele, atasema, nimekuja tusilale na hili. Na Bwana akija Desemba, aje, aje hata kesho, Rispa hakuogopa tena kuja kwake, kwa kweli alimtamani, alitamani amkute pale katikati ya mistari, mahindi yamefika kiunoni, Dorine anapalilia mstari wa pili akiimba kwa mapafu mazima, na atamwambia karibu, Nyasaye, karibu, tumekungoja, angalia tulivyokungoja.

"Mama!" ilikuwa sauti ya Cephas, imeshuka sasa, haipigi kelele, na kanisa lote likageuza shingo, "mama pale, wewe na binti. Kila mtu amesimama. Nauliza kwa upendo. Hauko tayari?" na Bochaberi akavuta pumzi, na mkono wa Dorine ukatafuta mkono wa mama yake, bahasha ikiwa katikati ya viganja viwili, na wote wakangoja tafsiri, kwa sababu walizoea kungoja, na Caleb akafungua kinywa, akasema, "Min Dorine..." kisha hakuendelea, neno la pili lilikataa, akabaki ameshika tu jina hilo, mama yake Dorine, kama mtu aliyeshika mlango, na Rispa akayaona macho yake yakienda kwa mtoto na kurudi, na akampenda, na akasema kwa Kiswahili, ili mhubiri asihitaji mtu wa kumtafsiria, "Niko tayari, pasta," na mvua ikaimeza sauti, Cephas akaweka kiganja sikioni, na Rispa, akiwa ameketi vile vile, mgongo umenyooka, akarudia kwa sauti ya kuita mashua: "Nimesema niko tayari."